Jenereta ya saiti: anza na mota, usianze na jengo

Mtu anayejenga mahali ambapo umeme haujafika, au umefika wa fezi moja tu, huniuliza swali lilelile: "Fundi, ninunue ya KVA ngapi?" Anataka namba moja ya ukubwa wa jenereta, aende nayo dukani mchana huohuo. Namwelewa. Nondo zimeshashushwa, vibarua wako saiti tangu asubuhi, na kila siku inayopita bila kazi inakula hela. Lakini ukubwa wa jengo haukwambii ukubwa wa jenereta. Nyumba ya ghorofa inayojengwa kwa nguvu za watu na mixer yenye injini yake ya dizeli inaweza kwenda na jenereta ndogo ya petroli mpaka siku ya kupaua. Ukumbi mdogo wa kanisa, ambao mageti na madirisha yake ya chuma yanachomelewa palepale, unaweza kuhitaji kubwa mara tatu ya hiyo.

Nafanya kazi ya umeme wa saiti Nyanda za Juu Kusini, zaidi Mbeya na wilaya zake, na jambo hili linaniuma kwa sababu naona nani anayelipia. Jenereta ikiwa ndogo, mota zinaungua na lawama inamwangukia kijana aliyebonyeza swichi. Ikiwa kubwa kupita kiasi, mwenye jengo anachoma dizeli ya bure kila siku, kisha injini inajaa masizi, na mwishoni anaiuza kwa bei ya hasara akiamini kwamba aliuziwa mashine mbovu. Hasara ya kwanza watu wengi wanaijua. Hii ya pili haizungumzwi, na ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi.

Nitatumia saiti moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, ili hesabu zisielee hewani. Lilikuwa bweni la wasichana la shule binafsi, upande wa barabara inayopanda kutoka Mbeya kwenda Kitulo, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwenye shule ni mama mtu mzima, makini na hela yake. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia, na bila kunikaribisha kiti akanipa karatasi ya bei kutoka dukani.

"Wameniambia nichukue ya 60 KVA, fundi, ili niwe na amani. Wewe unasemaje?"

"Mama, kabla sijasema lolote, naomba unipeleke nikazione mashine zenyewe."

Mashine zilikuwa hizi. Ya kukatia nondo, mota ya fezi tatu, kilowati 3. Ya kukunjia nondo, nayo kilowati 3. Pampu ya kisima, ile ya kuzama, kilowati 4. Mashine moja ya kuchomelea ya inveta, ambayo kibati chake kinasema inaweza kuvuta mpaka kilowati 7. Grinda mbili za inchi tisa, wati 2,200 kila moja. Drili ya nyundo ya wati 1,500. Taa sita za LED za wati 100 kwa ajili ya walinzi. Na ofisi ya foromani: kompyuta mbili, printa, na chaja za simu ambazo hazina idadi, tuseme wati 500. Mixer ilikuwa na injini yake ya dizeli na vaibreta ya kushindilia zege ilikuwa ya petroli, kwa hiyo hizo mbili hazihusiki kabisa. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimeshaona mtu akihesabia mixer isiyogusa waya wowote.

Jumlisha vyote, unapata karibu kilowati 24. Gawanya kwa 0.8, ambayo ndiyo pawa fakta (uwiano wa kilowati kwa KVA) inayoandikwa kwenye jenereta nyingi za fezi tatu, unapata 30 KVA. Muuzaji alifika hapo, kisha akazidisha mara mbili kwa sababu mota huvuta sana wakati wa kuwaka. Ndipo ilipotoka ile 60. Hesabu yenyewe haina uongo ndani yake. Tatizo ni kwamba inachukulia kila kitu kinafanya kazi kwa wakati mmoja na kila kitu kinawashwa kwa sekunde moja. Hakuna saiti ya namna hiyo.

Zile sekunde mbili za mwanzo

Mota ya umeme ikiwa imesimama haina kinachozuia umeme zaidi ya waya wake wenyewe. Ukiiwasha moja kwa moja, inavuta kwa muda mfupi ampea mara sita au saba ya zile inazotumia ikishazunguka. Ni sawa na lori lililosimama katikati ya mlima Kitonga na mzigo mgongoni: kuliondoa pale ndiyo kazi, likishashika mwendo linakwenda.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua klampmita, kile kipimo cha ampea kinachokumbatia waya, yenye uwezo wa kushika kilele, ikumbatishe kwenye waya mmoja wa mota ya kukunjia nondo, halafu mwambie kijana awashe. Mota hii ya kilowati 3, kwenye volti 400, kibati chake kinasema ampea 6.6. Klampmita itaruka karibu na 40, ikae huko kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha iporomoke. Ikizunguka bila nondo inasoma kama 3. Nondo ya milimita 16 ikiingia inapanda, nondo ikishakunjwa inashuka tena. Na ukitega sikio upande wa jenereta utasikia injini ikizama kwa sauti nzito pale mwanzo, kisha ikijivuta kurudi kwenye mwendo wake. Mlio huo unakwambia mengi kuliko kadi ya dhamana.

Mashine ya kukata ni mbaya zaidi kidogo, kwa sababu ndani yake kuna gurudumu zito linalotakiwa kuchukua mwendo, na hivyo mvuto wa mwanzo unachukua muda mrefu zaidi. Pampu ya kuzama iko chini ya maji, haina gurudumu, lakini mota yake ni kubwa kuliko zote. Ikiwa kazini inatumia karibu 6 KVA, na ikiwashwa moja kwa moja inadai kama 36 kwa kitambo.

Jenereta nzuri inaweza kustahimili dai la namna hiyo kwa muda mfupi, ila volti zake zitashuka. Zikishuka kwa asilimia 15 au 20 na kurudi upesi, hakuna anayeumia. Taa zinafifia kidogo, basi. Zikishuka kupita asilimia 30, kontakta (swichi za sumaku) za mashine nyingine zinaanza kutetemeka na kuachia, kompyuta za ofisini zinazima, na mota iliyokuwa ikijaribu kuwaka inabaki inanguruma bila kuzunguka. Mota inayonguruma hivyo ndiyo inayoungua. Inavuta zile ampea 40 zake kwa dakika nzima badala ya sekunde mbili, na waya wa ndani unaiva.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: kwa mota inayowashwa moja kwa moja, chukua KVA zake za kazi, zidisha kwa 2.5 hadi 3, kisha ongeza mzigo ambao tayari unafanya kazi wakati huo. Fanya hivyo kwa mota moja tu, ile inayowashwa katika hali mbaya kuliko zote. Nyingine zilizobaki unazihesabu kama zilivyo zikiwa kazini.

Kwa hiyo tulikaa na foromani juu ya tofali, mimi na daftari, yeye na sigara yake, nikamuuliza maswali ya kawaida kabisa. Pampu inafanya kazi saa ngapi? Akasema alfajiri, kujaza simtanki kabla watu hawajaingia. Mashine ya kukata na ya kukunja zinakwenda pamoja? Ndiyo, karibu kila siku kwa wiki kadhaa za mwanzo. Mchomeleaji anatumia fimbo gani? Za milimita 3.2. Grinda mbili zinashikwa kwa wakati mmoja? Mara chache, maana mwenye grinda ya pili ndiye huyohuyo mchomeleaji.

Majibu hayo yalibadilisha kila kitu. Pampu ikiwa peke yake alfajiri inahitaji jenereta ya kama 18 KVA, haishindani na mtu. Mchana, mbaya kuliko zote ni mashine ya kukunja kuwashwa wakati ya kukata inazunguka, mchomeleaji yuko kazini, grinda moja inakata na ofisi imewasha kompyuta. Fimbo ya 3.2 inachomelewa kwa ampea 120 hivi. Kwa inveta ya kawaida hiyo ni karibu kilowati 3.5, au 5 KVA, wala siyo zile kilowati 7 za kwenye kibati. Mashine ya kukata 4.6 KVA, ile grinda moja KVA 2 na kidogo, ofisi nusu na kidogo. Jumla 12 zinazofanya kazi. Ongeza 4.6 za mashine ya kukunja mara 2.5, unapata 24 KVA.

Mota kubwa ina njia nyingine pia, na watu wengi wanairuka kwa sababu inaonekana kama gharama ya ziada. Mota yenye nyaya sita inaweza kuwekewa stata (kifaa cha kuwashia mota) ya aina ya sta-delta, ambayo inapunguza mvuto wa mwanzo mpaka theluthi, ingawa nguvu ya kuzungusha nayo inashuka mpaka theluthi hiyohiyo, kwa hiyo haifai mota inayowaka ikiwa na mzigo mzito. Pampu za kuzama nyingi zina nyaya tatu tu. Hizo zinafaa softi stata, inayoiwasha mota polepole. Kama saiti yako ina mota moja kubwa na nyingine zote ni ndogo, pigia hesabu bei ya stata dhidi ya tofauti ya bei kati ya jenereta mbili. Mara nyingi stata inashinda, na utahama nayo kwenda kazi inayofuata.

Injini na mwinuko

Jenereta ni mashine mbili zilizofungwa pamoja. Altaneta, sehemu inayozalisha umeme, ndiyo inayobeba KVA, injini ndiyo inayotoa kilowati. Ile 24 KVA tuliyopata ni ya altaneta. Injini nayo ina hesabu yake, na ukipanda milimani hesabu hiyo inabadilika.

Injini inakula hewa. Juu ya mita 2,000 hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza nguvu. Vitabu vya jenereta ndogo za petroli husema asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda, na kwa dizeli isiyo na tabo unaweza kukadiria asilimia 1 kwa kila mita 100. Kwa bweni letu hiyo ni moja ya tano mpaka robo ya nguvu imeondoka kabla hujawasha taa hata moja. Dizeli yenye tabo inavumilia zaidi. Mtengenezaji huwa na jedwali lake, liombe dukani. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga hana habari na hili, yeye adui yake ni joto. Akiifungia jenereta kwenye kontena bila njia ya hewa moto kutoka, atapoteza nguvu kwa njia nyingine. Ila kwa mtu wa Mbeya, Njombe, Makete, hata Nairobi na Nakuru, mwinuko ni wa kuhesabiwa kwanza.

Mzigo wetu wa mchana kwa kilowati ulikuwa kama 13.4. Jenereta ya 20 KVA ina injini ya kilowati 16. Ondoa robo kwa mwinuko, inabaki 12. Imeshindwa. Ya 30 KVA ina kilowati 24. Ondoa robo, inabaki 18. Inatosha, na kuna nafasi ya grinda ya pili siku foromani atakapopata kijana mwingine. Altaneta nayo ilihitaji 24, ipo 30. Hapo ndipo nilipomwambia mama, "Chukua ya 30."

Akaniangalia kwa muda. "Na hii nusu nyingine waliyonitajia, ilikuwa ya nini?"

Kubwa nayo inaua

Swali lake lilistahili jibu refu, na nililitoa, kwa sababu imani kwamba kubwa ni salama imewagharimu watu wengi ninaowafahamu.

Dizeli imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na mzigo. Inataka silinda ipate moto wa kutosha ili mafuta yote yaungue na ringi zikandamize vizuri kuta za silinda. Ukiiendesha siku nzima chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, mafuta mengine hayaungui. Yanapita na moshi, yanagandana na masizi kwenye eksozi, mengine yanateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Dalili ya kwanza utaiona kwenye maungio ya eksozi: utomvu mweusi unaodondoka, watu wanadhani ni oili inavuja. Baadaye kuta za silinda zinasuguka mpaka zinang'aa, ringi hazishiki tena, na injini inaanza kunywa oili. Yote haya yanaipata injini ambayo haijawahi kuchoka hata siku moja.

Saiti ya mama, ukichukua siku nzima pamoja na muda wa chai na muda wa kusubiri nondo, ingekuwa na wastani wa kilowati 7 au 8. Kwenye 60 KVA, hata ikishapunguzwa na mwinuko, hiyo ni kama asilimia 20. Kwenye 30 KVA, ikishapunguzwa na mwinuko, ni asilimia 40 na kidogo, mahali ambapo dizeli inaishi vizuri.

Na kuna mafuta. Jenereta ya dizeli iliyopewa mzigo wa robo tatu hutumia karibu lita 0.3 kwa kila uniti inayotoa. Ikiwa na mzigo kiduchu, namba hiyo inapanda kupita 0.4, kwa sababu injini kubwa inahitaji mafuta ya kujizungusha yenyewe kabla ya kukupa chochote. Kwa uniti 8 kwa saa, tofauti inakaribia lita moja kila saa. Weka saa nane za kazi, weka siku sita za wiki, weka miezi ya ujenzi wa bweni, halafu zidisha kwa bei ya dizeli ya huko uliko. Mama alizidisha mwenyewe kwenye simu yake, sikuhitaji kusema zaidi.

Jambo la usiku ndilo linalosahaulika kabisa. Kazi ikiisha saa kumi na moja, kinachobaki ni taa za walinzi na simu za kuchaji, wati 700 au 800. Kuiacha 30 KVA ikinguruma usiku kucha kwa ajili ya taa sita ni kuitesa, na ni kumtesa jirani pia. Usiku unataka chake: ama kajenereta ka petroli ka 2.5 KVA, au, ninavyopendelea mimi siku hizi, taa za sola zenye betri zake. Mbeya haina upungufu wa jua. Tulinunua taa za sola nne kwa ajili ya walinzi, ofisi ikapewa betri na inveta ndogo inayochajiwa mchana jenereta ikiwa kazini. Ilipofika jioni dizeli ilizimwa, na kuzimwa kwake mapema kuliongeza maisha yake kuliko oili ya bei yoyote.

Kwenye saiti kubwa zaidi, zenye kreni au mashine ya matofali, mantiki hiyohiyo inakwenda mbali zaidi. Jenereta mbili za wastani mara nyingi ni bora kuliko moja kubwa: zote mbili wakati wa kazi nzito, moja wakati wa kazi nyepesi, na moja ikiharibika kazi haisimami yote.

Mambo ya saiti yenyewe

Jenereta ya fezi tatu ya 30 KVA haikupi 30 kwenye soketi za kawaida. Kila fezi inabeba theluthi, 10 KVA, yaani ampea 43 hivi. Mchomeleaji, grinda zote na ofisi wakikaa kwenye fezi nyekundu, nyekundu inalia wakati njano na bluu zimelala, na volti zinaanza kupishana mpaka mota za fezi tatu zinapata joto. Kwa hiyo kwenye bodi ya kugawia umeme ya saiti niliandika kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa: mchomeleaji nyekundu, grinda na drili njano, ofisi bluu. Foromani alipewa ufunguo wa bodi, na mtu mwingine yeyote aliambiwa asiiguse.

Kisha waya. Nina hakika kwamba nusu ya jenereta zinazoitwa mbovu zinaonewa na ekstensheni. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50 una ukinzani wa kama omu 1.2 kwenda na kurudi. Grinda ya ampea 10 inapoteza humo volti 12, si mbaya. Lakini wakati wa kuwaka, ikivuta ampea 40, volti karibu 48 zinabaki njiani, na inayofika kwenye grinda ni 180. Kijana anasema jenereta haina nguvu. Ukimpa waya wa 2.5, hasara hiyo inashuka mpaka 30 hivi, na ukiisogeza bodi karibu na kazi inashuka zaidi. Na ekstensheni ya kwenye gurudumu ikunjuliwe yote kabla ya kutumika. Ikiwa imeviringwa inapata joto mpaka plastiki inashikana.

Kuhusu kinachoandikwa ubavuni mwa jenereta, soma polepole. Kwenye zile ndogo za petroli, namba kubwa iliyopakwa rangi mara nyingi ni jina la modeli au kiwango cha juu kinachovumilika kwa muda mfupi. Kiwango cha kazi kiko kwenye kibati kidogo upande wa altaneta, na ya "6500" inaweza kuwa ya kilowati 5. Kwenye dizeli kubwa utaona namba mbili: moja ya dharura na moja ya kazi ya kila siku, kwa mfano 33 na 30. Ya dharura ni ya hospitali au hoteli inayongoja umeme ukatike, na haina nafasi ya kuzidishiwa mzigo. Saiti isiyo na umeme mwingine inatumia ile ndogo. Angalia na mizunguko. Inayozunguka 1,500 kwa dakika inaishi muda mrefu na haipigi kelele nyingi. Ya 3,000 ni nyepesi na rahisi, inafaa kazi za kuhamahama.

Ukikodi badala ya kununua, uliza mapema kama bei ni pamoja na mafuta na nani anamwaga oili, na uandike. Kwa kazi ya miezi miwili au mitatu nakushauri ukodi bila kusita.

Kuna mambo mawili ambayo siyajadili na mtu. Moshi wa jenereta una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa wamelala, kwa hiyo mashine isikae ndani ya jengo, wala chini ya dirisha la chumba cha mlinzi, hata kama mvua inanyesha. Jenga kibanda chake kando, upande ambao upepo unaondoka na moshi. La pili ni ethi, yaani kuunganishwa na ardhi. Jenereta ndogo nyingi hutoka kiwandani waya wa nyutro ukiwa haujaunganishwa na fremu ya chuma ya mashine, na katika hali hiyo ile swichi ya kulinda mtu asipigwe na umeme haitakatika mtu akipigwa. Fundi aunganishe nyutro na ethi mahali pamoja tu, apige fimbo ya ethi ardhini, kisha abonyeze kitufe cha kupimia mbele yako. Na siku Tanesco watakapofika na laini yao, weka chenji ova, swichi ya kuchagua kati ya laini na jenereta. Jenereta iliyochomekwa kinyemela kwenye nyumba yenye mita inarudisha umeme kwenye nguzo, na kule juu kuna mtoto wa mtu anayeamini kwamba laini imezimwa.

Baada ya yote hayo, usilipe kabla ya kupima. Kwenye saiti ya mama tulikubaliana na muuzaji kwamba salio litalipwa mashine ikishawasha mota zetu kulekule juu, siyo dukani mjini. Aliikubali, na kwa hilo nampongeza. Tukaiacha ipate moto kwa robo saa, kisha tukawasha pampu peke yake, voltimita ikiwa mkononi. Zilikuwa 400, zikaenda 330 na kidogo, ndani ya sekunde mbili zikarudi. Tukaizima pampu, tukawasha ya kukata, mchomeleaji akaanza kazi, grinda ikashikwa, halafu ya kukunja. Injini ikazama, ikajivuta, kontakta hazikutikisika. Tukaiacha kwenye mzigo huo saa nzima, tukisoma joto la maji na kuangalia rangi ya moshi: mweusi kwa kitambo kila mota ilipowaka, kisha karibu hauonekani. Mama akasaini.

Nilimwachia foromani daftari la kuandika saa za kazi na lita zinazoingia. Oili ya kwanza ilimwagwa kwenye saa 50, kama kitabu kilivyotaka, pamoja na filta yake, na baada ya hapo kila saa 250. Chujio la hewa tuliliweka kwenye ratiba yake pekee, kila Jumamosi jioni, kwa sababu barabara ile ina vumbi la kutisha mpaka mvua zinapoanza.